Joho la Marehemu Diwani Okal

JESHI LA POLISI
KITUO CHA POLISI KASANGULA, MKOA WA MWANZA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dorotea Machibya
Umri: Miaka 47
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa Stendi ya Zamani, Kasangula
Tarehe: 15/03/2024, saa 3:20 asubuhi

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema ukweli, na kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa. Nimeelewa.

Mimi ni fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Nilijifunzia Mkuyuni, kisha nikahamia Kasangula, na kibanda changu kipo mkabala na geti la Halmashauri ya Mji. Tangu mwaka 2015 mimi ndiye ninayefua, kupiga pasi na kurekebisha majoho ya waheshimiwa madiwani. Yako ishirini na manne. Nayajua yote kwa mshono, hata bila kuangalia jina lililoandikwa ndani ya kola.

Mwezi wa tisa mwaka jana Mheshimiwa Yeremia Okal, diwani wa kata ya Mabuwe, aliniletea joho lake nibadilishe kola. Nilibadilisha, lakini hakuja kulichukua. Mwezi wa kumi alifariki. Nililitundika nyuma ya mlango, nikisubiri familia yake au ofisi ije. Hakuja mtu. Uchaguzi mdogo wa kata hiyo haujafanyika hadi leo.

Mnamo tarehe 14/03/2024, siku ya Alhamisi, kulikuwa na kikao cha Baraza la Madiwani cha kupitisha bajeti na viwango vya kodi ya majengo. Majira ya saa 1:40 asubuhi nilikuwa nimeshapeleka majoho ukumbini na kurudi kibandani. Akaingia mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, wa makamo, amefunga kitambaa cha bluu kichwani. Sikuwa namfahamu. Sasa najua anaitwa Akumu Okech, anayeanika na kuuza dagaa huko Mabuwe. Tulisalimiana. Akasema, "Dada, nimekuja kuchukua joho la diwani wetu."

Nikamwuliza, "Wewe ni nani wake?"

Akasema, "Ni mtu wa kata yake."

Nilidhani linakwenda kwenye misa ya kumbukumbu. Kwa kweli nilifurahi kwamba mtu amelikumbuka. Nikampa. Akalivaa palepale mbele ya kioo. Lilikuwa linaburuza chini, maana marehemu alikuwa mrefu kuliko yeye. Akaniuliza kupunguza pindo kunachukua muda gani.

Koplo anayeandika maelezo haya ameniuliza kama hapo sikushtuka. Nilishtuka. Joho la misa ya kumbukumbu halipunguzwi pindo. Nilijua kuna jambo, ila sikujua ni jambo gani, na mdomo ulikuwa unaniwasha kuuliza. Lakini alifungua vifungo haraka huku akitazama getini, nikaona nisimcheleweshe. Nilipunguza kwa sindano ya mkono. Haikufika dakika kumi na tano. Akashukuru, akalikunja kwenye mfuko, akavuka barabara kuelekea getini.

Sijawahi kufunga kibanda asubuhi ya siku ya kazi, hata nilipougua malaria. Siku hiyo nilifunga. Nilitaka kujua.

Majira ya saa 3:05 nilikaa kwenye benchi la nyuma ukumbini, linapokaa wananchi. Sisi wa nyuma tunaruhusiwa kusikiliza. Kusema haturuhusiwi. Nilimwona Akumu amevaa joho, amekaa kwenye kiti cha diwani wa Mabuwe, ambacho kimekuwa kitupu miezi mitano. Jirani yake wa kushoto alimpa mkono. Wa kulia alimsogezea chupa ya maji. Diwani mmoja wa viti maalumu alijiuzulu mwezi wa pili, na mjini ilisemwa kwamba mpya ataapishwa wakati wowote. Naona kila mmoja alidhani ndiye huyo, na kwamba mwenzake anamfahamu. Mimi peke yangu nilijua kuwa hakuna joho jipya lililoshonwa.

Koplo ameniuliza kwa nini sikumwambia askari wa mgambo aliyekuwa mlangoni. Jibu langu ni kwamba nilitaka kusikia atasema nini. Sina jibu lingine.

Saa 4:30 walifika kwenye kodi ya majengo. Mheshimiwa Alexander Ngosha, mwenyekiti wa kamati ya fedha, alisoma pendekezo kwamba nyumba yoyote yenye chumba chini ya sakafu kwa sababu ya mteremko ihesabiwe kuwa ni ghorofa. Kodi yake ingekuwa mara tano ya nyumba ya kawaida. Alisema fedha hizo zingemalizia zahanati mbili zisizo na paa. Alieleza vizuri, hata mimi nilikubaliana naye.

Akumu akanyosha mkono. Mwenyekiti wa Baraza akasema, "Karibu, Mheshimiwa mpya, uchangie."

Alisimama. Kwanza aliweka kola sawa. Kisha akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, Mabuwe yote ni mawe. Hakuna mtu kule mwenye kiwanja tambarare. Ukitaka sakafu ikae sawa, lazima uinue ukuta upande wa bondeni. Chini panabaki uwazi. Mnaouita ghorofa ni huo uwazi."

Mheshimiwa Ngosha akauliza, "Huo uwazi una mlango?"

"Una mlango."

"Watu wanaweka vitu humo?"

"Mimi naweka kuku na magunia ya dagaa."

"Basi Mheshimiwa, una ghorofa." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Akumu hakucheka. Akasema, "Mheshimiwa, mimi naingia humo kwa magoti. Wewe ulivyo na mwili itabidi tukuvute miguu. Ule ukuta ndio mguu wa nyumba. Ukiutoa, nyumba inakwenda ziwani. Na watu wameanza kuutoa."

Mheshimiwa Ngosha akamwuliza wanautoa kwa nini.

Akasema, "Kwa sababu ya hili pendekezo. Mwezi jana walikuja vijana wa tathmini, wakapiga alama ya rangi nyekundu kwenye kila nyumba yenye ukuta wa chini. Wakatuambia, hiyo ni ghorofa. Sasa watu wanabomoa ukuta ili wasihesabiwe. Jirani yangu amebomoa Jumapili. Ameegemeza nyumba kwa magogo manne, na ana wajukuu watano ndani. Jana nimesikia nyundo nyumba tatu. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata, akaniambia niandike barua. Nimeandika. Nimekuja hapa mara mbili kukaa nyuma, nikanyosha mkono, nikaambiwa nyuma hakusemwi, nimtume diwani wangu. Diwani wangu tumemzika. Na masika ndiyo haya."

Aliposema maneno ya kumtuma diwani, baadhi yao walitazamana. Nafikiri hapo ndipo walipoanza kuelewa. Lakini hakuna aliyemzuia. Nje kulikuwa na ngurumo za mbali, upande wa ziwa. Mheshimiwa Ngosha alibaki amesimama. Aliuliza swali moja tu, bila kipaza sauti, ila nilimsikia: "Magogo manne?" Akumu akajibu, "Manne." Mheshimiwa akakaa.

Mwenyekiti akaitisha kura ya mikono. Koplo ameniambia hapa niwe makini sana, kwa sababu ndipo kesi ilipo. Waliotaka pendekezo lipite walikuwa tisa. Waliolikataa walikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu mwenyewe mara mbili. Mheshimiwa Ngosha hakunyosha upande wowote. Akumu naye hakunyosha. Kila upande ulipoitwa nilimtazama yeye kwanza, ndipo nikahesabu wengine. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa juu ya meza, amevibandika kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Kwa hiyo pendekezo lilikataliwa kwa kura za madiwani wenyewe.

Katibu wa kikao akasema hesabu ina upungufu wa wawili, Mheshimiwa Ngosha na Mheshimiwa mpya, na huyu mpya hana jina lake. Mwenyekiti akamwambia, "Mheshimiwa, simama ujitambulishe, kumbukumbu zikae sawa."

Akasimama. Akasema, "Naitwa Akumu Okech. Mimi si diwani. Naomba mnisamehe. Kura si yangu, ndiyo maana sikupiga. Nilikuja kuwaambia kuhusu zile kuta."

Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alipaza sauti kwamba baraza limedhalilishwa, mwingine akasema kikao chote kifutwe. Saa 5:10 mgambo wawili walimtoa nje. Hakubishana nao. Alipopita kwenye benchi letu alinitazama, lakini hakuonyesha kuwa ananijua. Nadhani alikuwa ananikinga. Nilitaka kusimama, na sikusimama. Jambo hilo limeninyima usingizi kuliko mengine yote.

Leo asubuhi nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu nimesikia Akumu amewekwa mahabusu hapa, anadaiwa kuiba joho hilo. Hakuiba. Nilimpa kwa mkono wangu, na pindo nililipunguza mimi. Kama kumpa ni kosa, basi mimi ndiye mkosaji wa hilo.

Koplo ameniuliza kama nina nyumba Mabuwe au ndugu huko. Sina. Nimepanga chumba kimoja, tambarare. Mabuwe sijawahi kupanda hata siku moja.

Yote niliyosema nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimekuta ndivyo nilivyosema, natia saini yangu hapa.

(Saini) D. Machibya

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA:
Mimi WP 6027 Koplo Winnie nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kwa usahihi kadiri shahidi alivyonieleza, bila kumlazimisha. Nilimaliza saa 4:45 asubuhi. Wakati shahidi anatia saini, alifika kaunta Mhe. Alexander Ngosha, viatu na suruali yake vikiwa na tope hadi magotini, akaomba fomu ya kumdhamini mtuhumiwa Akumu Okech. Alisema ametoka Mabuwe na ameacha mafundi wanajenga upya kuta zilizobomolewa. Shahidi aliomba abaki ashuhudie dhamana hiyo. Nilimruhusu.

(Saini) WP 6027 CPL Winnie