Ua la Mama Chini ya Bashi la Kilio

Jumatano, mwezi wa kumi. Jana mvua ya pili ya msimu ilipiga mabati kwa robo saa, ikaondoka. Leo jua ni kali kama mtu aliyetukanwa, na mtaa wetu wote wa Kapata unanuka udongo uliolowa na vumbi la malori.

Nilijiambia sitaandika hapa nikiwa na hasira. Basi, naandika.

Ua la mama limetoka.

Moja tu mpaka sasa. Limelala chini kabisa, limegusa udongo, halina shina la kuonekana wala jani. Rangi yake ni zambarau iliyofifia, na kooni lina doa la njano. Asiyelijua atafikiri mtoto amelichuma mahali akalitupa pale. Ndivyo lilivyo: huanza na ua, majani huja nyuma yake, mapana, kama ya tangawizi. Mwezi wa tano yote hukauka na kupotea, na msimu mzima wa baridi na vumbi hakuna kitu cha kuona. Liko chini, kwenye mizizi yake minene, linangoja mvua.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Kitu kisichoonekana, watu wa kwetu wanahesabu kwamba hakipo.

Mama alilitoa kwenye pori nyuma ya mji wa Tenke, alikokuwa akiokota uyoga. Alilifunga kwenye kitambaa akaja nalo kwenye treni, pamoja na kuku. Jina lake la vitabuni silijui. Yeye aliliita ua la mvua. Pori lile sasa ni shimo la mgodi, lenye uzio na walinzi. Nilienda kuangalia mwenyewe, baada ya kumzika mama. Mlinzi akaniuliza natafuta nani, nikarudi njia niliyojia.

Kwa hiyo hili la kwangu ndilo lililobaki. Labda yako mengine mahali fulani. Mimi sijayaona.

Nyumba hii niliinunua kwa kuuza unga sokoni Fungurume, gunia kwa gunia. Hakuna kaka, mjomba wala mume aliyeongeza tofali. Avoka ya nyuma ya jiko, mparachichi wangu, niliipanda kwa kokwa, na ilipokomaa mama akachagua pale chini yake pa kulipanda ua. Ua lile ni la kivuli. Halitaki jua la mchana, halitaki jembe. Linataka majani makavu yaoze juu yake na watu waliache. Lupango yangu, kiwanja chote, hufagiwa kila asubuhi kama za watu wote hapa, ila kona ile. Majirani walisema nafuga nyoka. Niliwaacha waseme.

Mwezi wa nane mjomba wetu akafa. Mzee mwema, sina neno naye. Familia ikaamua kilio kifanyike kwangu, bila kuniuliza, kwa sababu lupango yangu ndiyo kubwa. Nilipojenga ukuta walisema mwanamke huyu anajikweza. Siku ya kilio ukuta ukawa wa ukoo. Nikapanda gari kwenda Tenke kumchukua mama mdogo, dada wa marehemu, asiyeweza kusafiri peke yake. Nikalala huko.

Niliporudi, avoka haikuwepo.

Walikuwa wameikata kwa ajili ya moto wa wanaume, wale wanaokesha nje. Tena walisema ilikuwa inazuia bashi, lile turubai kubwa la bluu la kufunika waombolezaji. Na avoka mbichi haiwaki hata vizuri! Ilitoa moshi tu, watu wakalia machozi ya aina mbili. Moto wenyewe waliuwasha wapi? Pale ambapo hapakuwa na kitu. Kona ya majani makavu ilikuwa imefagiwa safi kabisa, kwa heshima ya wageni.

Mdogo wangu Adolphe, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, ndiye aliyesimamia yote. Nilimvuta nyuma ya choo.

"Adolphe, muti yangu iko wapi?"

"Yaya, batu beko mingi. Kuni ilikwisha. Ulitaka bazee balale na baridi?"

"Na maua ya mama? Mumewasha moto juu yake!"

"Maua gani? Pale hapakuwa kitu, yaya. Tulifagia majani tu." Kisha akashusha sauti. "Na weye, mjomba iko mu sanduku, unalilia muti? Batu batasema nini?"

Hapo alinifunga mdomo, na alijua. Kwetu, mwenye kulalamikia mti kwenye kilio, kesho ataulizwa kama si yeye aliyemroga marehemu. Nikarudi kwenye mkeka kwa wanawake, nikalia sana. Walisema nilimpenda mno mjomba.

Nilikuwa nalilia kivuli. Haya, nimelisema.

Moto wenyewe sikuuogopa. Pori la Tenke liliungua kila kiangazi, na kila mwaka ua lilitoka. Nilichoogopa ni jua hili. Hesabu ni kazi yangu, naifanya haraka: avoka ya kokwa inataka miaka kama saba kivuli chake kifae kitu. Mimi nina hamsini na sita, naweza kungoja. Ua haliwezi kungoja hata mwezi. Majani yakitoka kwenye jua hili yatakauka kabla hayajafunguka, na mizizi isiyolishwa na majani mwaka huu, mwaka ujao haitoki.

Kwa hiyo jana, mvua ilipokatika nikaliona ua kwenye majivu, sikukaa kufikiri. Bashi la kilio lilikuwa bado kwangu, limekunjwa nyuma ya magunia, hakuna aliyelirudia. Nilisimika nguzo nne nikalifunga juu ya kona.

Asubuhi hii, chai ikiwa bado mkononi, Mama Kabedi, jirani yangu, akaingia na mikono juu ya kichwa. Nyuma yake wanawake wawili, mmoja na bakuli la unga.

"Mama! Tuliona bashi. Ni nani tena?"

"Hakuna mutu."

"Usitufiche, mama. Ni mama mudogo wa Tenke?"

"Mama mudogo iko muzima. Ni ua."

Akainama chini ya bashi, akaangalia, akaniangalia mimi.

"Njo hii? Hii kadogo?"

"Njo hiyo."

"Yesu wangu! Bashi muzima juu ya ka ua kamoja, na sisi tulishafunga bitambaa ya kulia!" Akacheka mpaka akakaa chini. Wenzake nao wakacheka. Alipoondoka akachukua bakuli kwa mwenzake. "Unga tunarudia nayo, mama. Ua haikulake bukari."

Ua halili ugali, kweli, lakini sikucheka. Sasa hivi, nikiandika, nacheka kidogo.

Mchana Adolphe akafika. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Yaya, unatutia haya. Batu banauliza familia inalilia nani. Ile bashi ni ya ukoo, na siku ya posho kuko kilio kwa bakwe, upande wa bibi yangu. Nitatuma mutu aikamate."

"Na kivuli?"

"Shona magunia. Weye uko na magunia mingi."

Magunia ninayo, kweli. Ni kazi ya alasiri moja. Ila mbona ni mimi tena? Nyumba mimi, ukuta mimi, chakula cha kilio mimi, na walichokata wao nikishone mimi?

Alipoondoka niliwasha mbabula, jiko la mkaa, nikaweka msumari mrefu kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Nikapanda kwenye kiti. Nikalitoboa bashi, tundu baada ya tundu, kutoka upande wa jiko mpaka upande wa ukuta. Plastiki ilinuka vibaya, mkono bado unauma.

Mvua itapita sasa. Na jua linapita kwa vipande vidogo, kama lilivyopita kwenye majani ya avoka. Madoa ya mwanga yanatembea juu ya majivu, na pembeni ya ua la kwanza naona ncha ya pili inasukuma udongo.

Bashi hilo halitafunika tena kilio cha mtu. Jumamosi, hiyo siku ya posho, mjumbe wa Adolphe atalikuta lilivyo, na ukoo mzima utakuwa na la kusema juu yangu kwa miaka. Wataanza na mjomba, watamalizia na uchawi.

Najiuliza kama mama angefanya hivi. Hapana. Mama angelikunja bashi vizuri, angelitoa kwa mikono miwili. Ua lingekufa mwezi huu, na hakuna ambaye angekuja na bakuli la unga.

Kesho natafuta kokwa ya avoka.