Nilivuta Fundo la Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Mimi na mume wangu Verlyn tuna miaka ishirini na miwili kwenye chama cha wapanda farasi hapa Minnesota, kila kiangazi tunapiga kambi kando ya ziwa, sisi na farasi na mbwa na masufuria, na kazi ya Verlyn tangu mwaka wa kwanza ni kufunga kamba juu, kutoka mti hadi mti, na kuwafungia farasi wote hapo, kwa fundo ambalo farasi akivuta linazidi kukaza, ila mtu akivuta ncha linaachia mara moja, na watu wanalala usingizi kwa sababu aliyefunga ni Verlyn.

Mwaka huu akaja Charlene, mjane, na farasi wake jike mweupe na kicheko cha kusikika ng'ambo ya ziwa, na sikufichi, nilimchukia kabla hajashusha mizigo. Verlyn akamfundisha lile fundo, taratibu, mara tatu, na mimi miaka yote hiyo hajanifundisha. Charlene akamwambia, "Wewe Verlyn, wenzako wakikuchoka, njoo uwe unanifungia mimi tu." Mume wangu akacheka mpaka masikio yakawa mekundu! Hata Gus, mbwa niliyemlea kwa chupa, akahamia mlangoni kwa hema lake, nikamwita, akatikisa mkia tu na kulala tena.

Jumapili asubuhi watu wote wako kwenye chapati za maji, nikapita na ndoo kunywesha farasi, nikavuta ile ncha ya fundo la farasi wa Charlene. Nilijua Charlene amefunga mwenyewe siku hiyo, nikataka akimbizane na farasi wake mbele ya watu aaibike, basi. Kumbe Verlyn alikuwa amepita nyuma yake akalifunga upya. Farasi akaingia kwenye matete, akakanyaga waya, mguu ukachanika, hapandwi tena mwaka huu. Charlene alilia kama mtoto.

Watu wakauliza nani alifunga. Verlyn akashika kamba, akaitazama ncha kwa muda, akanitazama mimi na ndoo yangu, akasema, "Ni mimi. Nilifunga vibaya. Uzee huu."

Orrin, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Basi mwakani kazi hii tumpe mwingine, ndugu yangu. Nawe upumzike."

Sasa kamba ameitundika stoo na hasemi kitu mezani. Niseme, au niache jambo lipoe? Na nimkanyeje aache kumpigia Charlene simu kuulizia mguu wa farasi?

Mke wa Mfunga Kamba

JIBU

Mama, pole, wivu unauma na sitakucheka. Lakini umemjeruhi mnyama asiye na kosa, halafu unauliza habari ya simu? Ona haya kidogo.

Ulikuwa unamtafuta mwizi kwa jirani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Charlene alipewa somo la fundo kwa sababu ni mgeni. Wewe hukufundishwa kwa sababu kila safari ulifungiwa. Na Gus ni mbwa, alifuata mkate.

Sasa soma tena barua yako. Umeniandikia mwenyewe kwamba fundo lile farasi akivuta linakaza. Haliachii mpaka mtu avute ncha. Unadhani mtu aliyelifunga miaka ishirini na miwili hajui hilo? Aliitazama ncha, akakutazama na ndoo yako, kisha akajiita mzee mbele ya watu wote. Mumeo anajua, mama. Amejua tangu Jumapili ile, na anyamazapo mezani anakungoja wewe.

Leo, kabla ya chakula, mwambie. Usimtaje Charlene. Kesho nenda kwa Charlene, umwombe radhi, na mguu wa farasi wake uuoshe na kuufunga wewe mpaka upone. Kisha kambi ijayo simama mbele ya Orrin na chama kizima, useme ni nani aliyevuta.

Kamba itoe stoo uende nayo. Ukimaliza kusema, mkabidhi mumeo, naye afunge.