Kulia kwa Nani?

Jumapili, 4 Mei

Nimefedheheka! Watu kumi na wawili wamesikia kwenye vipokea sauti kwamba mimi ni mwoga. Aliyesema ni Shemeji, kaka wa mke wangu, kamanda wa kikosi chetu cha mchezo wa ndege mtandaoni. Tulikuwa tunarudia shambulio la vita vya zamani: unashuka mpaka karibu na mawimbi, unaachia topido, bomu linalokwenda majini, unazamisha meli ya mizigo. Mimi huruka ubavuni mwake, kumkinga. Akaamuru, "Tokeni kulia!" Kulia kwa nani? Meli ilikuwa inatujia uso kwa uso. Mwongozo wa kikosi unasema kulia ni kulia kwa meli — na aliuandika yeye mwenyewe! Nikaenda huko, yaani kushoto kwetu. Wenzangu wote wakafuata kulia kwao. Mizinga yote ikanigeukia. Nikaungua peke yangu, naye anawaambia nilikimbia.

Miaka ishirini anafundisha watu udereva!

Jumatatu, 5 Mei

Nimetazama rekodi mara sita. Niko sahihi. Nimemtumia. Kajibu kidole gumba. Kidole gumba tu!

Jumatano, 7 Mei

Nimetengeneza friji ya duka la dawa, akili haipo. Nimefika nyumbani na skrubu mbili za watu mfukoni. Mke wangu anasema ni mchezo tu, nimsamehe kaka yake. Nikamuuliza kama angetulia hivyo akiitwa mwoga yeye mbele za watu. Akanuna. Nami nikanuna. 

Halafu habari njema: Jumamosi mizinga ya meli itafyatuliwa na watu halisi, si kompyuta. Nimejiandikisha upande wa meli kwa jina la bandia — Skrubu. Ha! Atanitambua.

Jumamosi, 10 Mei, saa tisa alasiri

Balaa gani hii! Umeme umekatika kwa Shemeji, kaja kwetu na kompyuta yake. Yuko sebuleni. Mimi chumbani, mlango nimefunga, nimesema kichwa kinauma. Hajui kitu. Meli yangu inakata maji, ndege bado dakika chache.

Ukuta mwembamba. Mke wangu anamuuliza mbona kaacha pengo kwenye safu ya ndege. Anajibu polepole, si kawaida yake. Ati ni nafasi yangu, hampi mtu mwingine. Siku ile alikosea yeye, akaona aibu kusema. Leo wakimaliza atawaambia wote.

Wakimaliza! Wiki nzima alikuwa wapi?

Ndege zao hizo hapo. Nne za mbele, chini chini. Pengo liko pale pale ninaporukaga mimi. Ubavu wake uko wazi kabisa, hakuna ndege kati yetu. Mkono mmoja kalamu, mwingine kwenye kitufe. Mita elfu mbili.

Mke wangu anagonga. Anasema kaka yake anauliza, kichwa kimepoa?

Kidole bado kiko kwenye kitufe. Mita mia tisa.