Mayai ya Korongo Chini ya Kuku

Njiru, Jumapili baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Naanza na goti lako, kwa sababu najua wewe ungelificha hadi mwisho wa barua. Limepoa? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia unaipaka wewe, au umempa jirani tena? Na mahindi yameshika? Huku tunasikia mvua ya kwenu ilianza vizuri kisha ikakatika, nami kila nikiona wingu linaelekea magharibi nasema heri liende likawanyeshee.

Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Nanjala amenipita kwa urefu na anakula kama watu wawili. Mimi mwenyewe nimechoka, Mama, sitakudanganya. Soko la Gikomba ni matope matupu. Tunafungua robota la nguo za watoto huku tukiomba Mungu, tunakuta nusu zina madoa, na mnunuzi anakutajia bei utafikiri umeziokota jalalani. Nikifika nyumbani jioni naketi kwanza kwenye ngazi ya ploti tunamopanga, navua viatu, nakaa tu. Hapo kwenye ngazi ndipo nilipozoeana na ndege ninayetaka kukueleza habari zake.

Usicheke. Najua umeshaanza kumwambia shangazi Rispa kwamba mtoto wako ameandika barua nzima juu ya ndege. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hushikwa na Wafula, na huyo ndugu yangu akiwa amekaa hapo wewe huniambia habari za mvua tu. Ndiyo maana nimempa shangazi akuletee barua hii na akusomee mkiwa wawili jikoni.

Mama mwenye ploti yetu alikuwa na korongo wawili, wale wenye taji la dhahabu kichwani, kama wa kinamasi chetu. Waliletwa kwa basi kutoka pande za kwetu wakiwa vifaranga, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Manyoya ya mabawa yalikuwa yakikatwa ili wasiruke. Wakawa wanatembea uani kwenye simiti, chini ya nguo zilizoanikwa, wakipewa makombo ya ugali, na wageni wakija wanapiga nao picha. Mwaka jana mmoja alimeza kipande cha waya akafa.

Yule aliyebaki alianza kwenda kwenye gari jeusi la mtoto wa mwenye ploti. Akijiona kwenye mlango anainama, anatandaza vile vibawa vilivyokatwa, anaruka, anaokota kijiti na kukirusha juu. Unaijua ngoma yao, wewe ndiye uliyetuonyesha tulipokuwa tukienda kuteka maji. Basi yeye aliicheza na mlango wa gari. Vijana wa ploti walimrekodi kwa simu wakivunjika mbavu. Nanjala hakucheka. Aliniambia, “Mum, hiyo ndege ina stress. Inajicheki kwa mlango ya gari inadhani ni beshte yake.” Beshte ni rafiki, Mama.

Siku moja nikiwa nachagua mchele pale kwenye ngazi, sinia likainama, punje zikamwagika. Nikaita tu kwa mazoea, kuru kuru kuru, vile unavyoita kuku wako. Korongo akaacha gari akaja mbio hadi miguuni pangu. Nilishtuka. Kwenye ploti hii hakuna kuku, na sijasikia mtu mwingine hapa akiita hivyo. Nikajua huyu aliatamiwa na kuku, kwenye boma kama letu, na mtu fulani mwema alimlea kwa sauti hiyo.

Halafu Alhamisi akafika shangazi kwa ile harusi, akanipa habari za nyumbani. Kwamba Wafula amechimba mtaro kukausha kinamasi apande mboga za sukuma na nduma. Kwamba maji yameondoka, kiota cha wale korongo wa mwisho kimebaki pakavu na mbwa wanakifikia. Kwamba wewe, na goti lako hilo, uliingia kwenye mafunjo ukachukua mayai yote mawili ukayaweka chini ya kuku wako wa madoadoa. Na kwamba vifaranga wakikua kidogo utaniletea nimpe mwenye ploti zawadi, kwa kuwa niliwahi kukuambia anawapenda.

Mama, nilikuona kabisa ukiyafunika yale mayai kwa leso njiani yasipate baridi. Hakuna mtu katika kijiji kile angejisumbua hivyo. Ndiyo sababu inaniuma kukuandikia haya.

Ijumaa watu wa serikali wanaolinda wanyamapori wakaja, nadhani kwa ajili ya zile video. Mama mwenye ploti aliwaka. “Kwani nimeua mtu? Hii ndege nilinunua, sikuiba!” Wakamkimbiza korongo uani kote, akapita chini ya nguo, akaangusha mashuka ya jirani, wasimpate. Mwishowe mimi ndiye niliyemwita. Kuru kuru kuru. Akaja, akaingia mwenyewe kwenye kreti lao, akageuka akanitazama akingoja mchele. Nililia mbele za watu, Mama, na ndala miguuni.

Kulikuwa na msichana mmoja kati yao, akaja kuketi nami. Nikamuuliza kama sasa watampeleka kwenye maji na wenzake. Akatikisa kichwa. Akasema ataishi mahali pa kutunzwa mpaka afe, kwa sababu hajui yeye ni korongo. Anawajua watu na anajua kuku. Ukimweka kwenye kinamasi atatoka atafute mlango wa jikoni. “Auntie, wengi wanaochukua mayai si watu wabaya,” aliniambia. “Wanahurumia. Lakini hawa ndege wamebaki wachache sana, na hiyo huruma yetu pia inawamaliza.”

Nikamweleza juu yako, bila kukutaja jina. Akaniuliza kama wazazi bado wapo. Nikasema ndiyo, shangazi aliwaona wamesimama pale ukingoni kutwa, hawali. Akasema basi mayai yarudishwe upesi kama kiota kinaweza kuzungukwa na maji tena. Hakuniahidi chochote. Alisema nafasi ni ndogo, lakini ipo.

Jana nikampigia Wafula. Tuligombana, nawe utasikia upande wake, kwa hiyo acha niwe wa haki. Aliniambia, “Dada, wewe uko Nairobi unanunua sukuma sokoni. Mimi watoto wangu watakula taji la ndege? Hao korongo tangu nizaliwe wamenisaidia na nini?” Hasemi uongo. Shamba lake ni lile la juu lenye mawe, kiangazi halitoi kitu, na ni rahisi mimi kumhubiria nikiwa mbali.

Lakini nilimweleza habari za mto wa hapa Njiru. Mama, ule mto ni mweusi. Unapita na mifuko, na povu, na harufu ambayo siwezi kukuandikia, na watu wanamwagilia mboga kwa maji yale yale. Maji ya kunywa tunanunua mtungi kwa mtungi kwa mkokoteni. Ukimuuliza mtu yeyote nani aliuharibu, atakuambia sisi tulikuta hivi. Mimi pia nasema hivyo. Nimechoka kusema hivyo. Sitaki watoto wa Wafula wasimame pale chini siku moja, kisima chako kimekauka na hakuna ndege hata mmoja, waambiane walikuta hivi. Hakuna mtu mwingine atakayekuja kukilinda kinamasi kile. Tuko sisi tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili nimelifanya bila kukuuliza. Kile kipande changu cha karibu na kisima, alichonigawia baba, nimemwambia Wafula akichukue. Kina rutuba na kumwagilia ni rahisi, apande sukuma yake na nduma yake mwaka mzima. Nilimtaka kitu kimoja, mtaro uzibwe na usifunguliwe tena. Mwishowe akasema sawa, lakini anataka ulisikie kutoka kwangu, asije akaitwa mwizi wa shamba la dada yake. Basi umelisikia. Nanjala naye nilimuuliza, maana lingekuwa lake. Alisema tu, “Sawa, Mum,” akaendelea kuosha vyombo, kisha akaja kunikumbatia kwa mikono yenye sabuni.

Kwa hiyo ukimaliza kusomewa, Wafula azibe mtaro kwanza, leo hiyo hiyo. Maji yakianza kurudi, mpe mke wake mayai ayapeleke yeye, goti lako halitaki tena kuingia topeni. Ayafunike yasipoe. Ayaweke kiotani na aondoke bila kugeuka nyuma, kwa sababu korongo wakiona mtu amesimama hawatakaribia. Na wasipoyakubali, Mama, usiyarudishe kwa kuku. Najua ninachokuomba.

Nisalimie huyo mke wa Wafula, mwambie namshukuru kwa maji anayokutekea kila siku. Msalimie mchungaji, na mama mkunga jirani yetu, na yule mwalimu mstaafu anayekukatia nyasi, mwambie nitamtafutia koti la mvua lisilo na doa. Shangazi amebeba sukari na majani ya chai, asikuambie ni yake.

Kabla hatujakata simu Wafula aliniuliza, “Na wewe dada, ukichoka na Nairobi, utajenga wapi?” Nilimwambia chaji inaisha. Najua nawe utaniuliza. Ninakuomba usiniulize sasa hivi, Mama. Rudisha mayai kwanza.

Ni mimi bintiyo,
Nasimiyu