Marcelo Bujiku: Damu Iliyotolewa kwa Jina Lako

Mwaka umetimia, Baba Kabula, tangu utuache, na Nkoma nzima hakuna mjane aliyemlilia mumewe kwa adabu kama mimi. Ukiondoa siku ya mazishi, nilipomfukuza katekista kwa mwiko.

Ulikuwa mtu mpole. Asubuhi uliwaamkia ng'ombe "mwangaluka" kwanza, mimi baadaye. Nilipougua ulinipikia uji wenye mabonge, ukasimama mlangoni mpaka niumalize.

Kazi yako ilikuwa pamba. Wanunuzi wa makampuni walipoingia na magari yao, watu wakaanza kuchanganya pamba safi na fifi, ile chafu ya bei ya chini, maana mnunuzi mwenyewe hakuwa na muda wa kuangalia. Wewe ulibaki umekaa chini unachambua, safi huku, fifi kule. Nikikuambia unachelewesha gari, ulijibu kwamba gari ndilo lenye haraka, pamba haina.

Kisha dume la ng'ombe la jirani yetu Mhoja likakutoboa paja kwa pembe. Tukakubeba kwa mkokoteni mpaka barabarani, tukafika hospitali. Siitaji jina, yenyewe inajijua. Wakasema unahitaji damu na kwao hakuna, ndugu watoe. Wapwa zako Sayi na Mahona wakatoa. Kwetu mtu akimtolea mjomba wake damu, hiyo ni ya mjomba, kama ng'ombe aliyewekwa zizini kwa jina lake. Walitoka wakaegemea ukuta wanakunywa soda, wanabishana damu ya nani itakufanya mkorofi.

Hukuipata hata tone. Jioni ile aliletwa kijana Anatoli, mnunuzi wa pamba, gari lake limepinduka. Akapewa yeye. Sisi, daktari Januarius alituambia umeme umekatika, friji limezima, damu imeharibika, imemwagwa. Tukaulaani umeme. Alfajiri ukaondoka.

Nina hasira, Baba Kabula, na mwaka haukuipunguza. Simkasirikii kijana. Naye alikuwa akivuja damu, naye ana mama. Kama Januarius angetuita akasema wagonjwa ni wawili na damu inamtosha mmoja, ningegombana naye, ningelia, kisha ningekuinamia sikioni nikuulize. Pengine ungesema apewe kijana. Lakini hilo lilikuwa lako kusema. Wewe mzee wa jembe, yeye mtu wa kampuni, basi wakakaa wakatuchambua: safi huku, fifi kule. Pamba tulishazoea kuona inakwenda kwa mwenye gari. Na damu nayo wameifungulia soko?

Unakumbukwa na mimi mkeo Esteria, binti yetu Kabula na mumewe Yakobo, dada yako Wilhelmina, wapwa zako Sayi na Mahona, na wajukuu wote, ambao bado wanagombania kofia yako. Hatujachoka kukutaja, wala hatutachoka.

Kuna jambo moja hukuliona, acha nikusimulie. Siku ya kuanua matanga Januarius alikuja kutupa pole. Akakaa mkekani kati ya wazee, akaieleza upya habari ya umeme, vizuri sana, mpaka wengine wakatikisa kichwa kwa huruma. Hajamaliza, Anatoli akaingia uani, mkono mmoja umefungwa shingoni, huo mwingine umebeba mfuko wa sukari. Akapiga goti mbele yangu.

"Mama, asanteni kwa damu," akasema. "Daktari alinieleza kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyesema nipewe mimi."

Nikamgeukia daktari.

"Mwanangu Januarius, hiyo damu mzee aliyosema apewe ni ile mliyoimwaga?"

Akainama kutazama viatu vyake, navyo alikuwa amevivua mlangoni.