Majani Sijayafagia

Mama watoto,

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, usicheke mwandiko. Mimi mzima, ni goti tu. Kuku wako mweupe ametotoa.

Unakumbuka kule msituni, ulivyokuwa ukiniletea chakula? Miaka kumi na moja niliondoa majani kwenye kile kipande cha majaribio, na hakuna aliyenifikia kwa reki. Yule mtaalamu aliyeniajiri, aliyetaka kuona udongo bila majani utakuwaje, alisema vijidudu vya udongoni vinakula majani, ukiyaondoa udongo unabaki na njaa. Nikadhani ni njaa ya msituni tu. Nyumbani nikafagia vilevile mpaka michungwa yako ikapauka. Ukasema, "Mzee, unaniulia miti!" Nikakujibu, "Nani fundi hapa?" Ukafunga mizigo, ukaenda kwa dada yako.

Tangu uondoke sijashika ufagio. Jana nilifunua majani chini ya mchungwa wa mlangoni. Kuna unyevu, kuna nyuzi nyeupe za kuvu, na harufu ileile ya msituni, ya zile saa ulizokaa kunisubiri nimalize kula. Nikakaa hapohapo chini, na goti langu hili bovu.

Sisemi nilikosea. Nasema majani yapo, njoo uyaone.

Ni mimi mumeo, bingwa wa reki.