Chaja ya Pale Hospitali

Mwenzangu, niko ndani ya gari nalia. Nimemfokea mzee wa watu.

Si unajua mji mzima una chaja mbili tu za magari ya umeme? Ya sokoni imekufa, nikakimbilia ya hospitali, betri imebaki asilimia nne. Nakuta gari limechomekwa, skrini inasema limejaa tangu saa tatu, na mwenyewe kakaa ndani tu!

Nikamgongea kioo. "Mzee, hapa si sebuleni kwako!"

Ndivyo nilivyosema. Sebuleni kwako.

Akashusha kioo taratibu. "Samahani, mwanangu. Mke wangu amefariki alfajiri. Nimeshindwa kuanza safari ya nyumbani."

Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na fuko la nguo, juu yake kandambili za kike.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamsihi abaki, akakataa. Akachomoa, akasogeza gari.

Sasa nachomeka mimi, plagi haishiki. Najaribu tena, wapi! Mzee akashuka, akarudi, akanishikia.

"Inyanyue kidogo hivi, ndipo inashika. Mke wangu ndiye aliyegundua."